Picha ya Mzee Hairukwi

Marahaba. Najua hamjaniamkia. Mmeingia na simu mkononi, mmoja ameniuliza "Bibi, mambo?", lakini mimi naitikia shikamoo ambayo sijapewa ili tusipotezeane muda. Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni. Na huyo anayepiga picha kikombe changu aache, chai inapoa.

Mnataka niwaambie kazi ya picha ilikuwaje. Ilikuwa kazi, basi. Nilikuwa na studio hapa Lushoto, karibu na sokoni, tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yalipokataa kuchutama. Nimepiga maharusi, maulidi, kipaimara kule Mlalo, wakubwa wa wilaya wakikata utepe wa bomba lisilotoa maji. Nimepiga mbuzi pia. Mwenyewe alitaka mbuzi avae tai. Tulimvalisha, akaila, tukapiga hivyo hivyo tai ikining'inia mdomoni, na picha ile ilikaa ukutani kwa yule bwana juu ya picha ya mkewe.

Aliyenifundisha ni marehemu Mwalimu Elieza wa Mlalo, mwanamume mrefu aliyekuwa akiongea na kamera yake kama mtu anayebembeleza ng'ombe. Alinifunza kitu ambacho ninyi na simu zenu hamkijui. "Usimwambie mtu acheke," alisema. "Ukimwambia Mshambaa cheka, atakukunjia uso kama umemdai. Muulize, nyumbani kwenu nani anakoroma?" Jaribuni. Mume atamtazama mke, mke atamtazama mume, na kabla hawajaanza kubishana wewe umeshabonyeza.

Alinifunza na ukungu. Ukungu wa milima hii hauna adabu, unaingia ndani bila hodi. Ukitoa kamera jikoni kwenye moto ukaipeleka uani kwenye baridi, kioo kinalia machozi, na maharusi wote wanatoka kama wamepigwa ndani ya uji. Kwa hiyo kamera inakaa barazani kwanza, inazoea baridi kama mgeni kutoka Tanga. Vitu vingine vyote vya kazi nilivitunza ndani ya debe la biskuti lenye vipande vya mkaa, mkaa unanyonya unyevu. Watu walinicheka. Vyao viliota ukungu mweupe, vyangu havikuota kitu.

Lakini kanuni kubwa ya harusi za huku kwetu ni hii: wazee kwanza. Kabla ya bibi harusi, kabla ya keki, kabla ya yule shemeji mwenye miwani ya jua anayejipitisha mbele ya kamera. Wazee kwanza! Sababu moja ni heshima. Ya pili ni kwamba wakishakula pilau wanalala, na mzee aliyelala ukimpiga picha atakwambia alikuwa anatafakari.

Alikuja mpiga picha mmoja kutoka mjini, kijana mtanashati, akaanza na marafiki wa bibi harusi. Wazee waligeuza viti wakakaa wanatazama shamba la kabichi. Alipofika kwao akakuta migongo. Akaomba, akabembeleza, akapiga magoti. Hakuna aliyegeuka. Mpaka leo ipo familia hapa wilayani yenye picha ya harusi ya migongo tisa na kabichi.

Sasa nilitaka kuwaambia habari ya eksteno.

Eksteno mnaijua, kile kiboksi cha kuhifadhia picha, kinachochomekwa kwa waya nje ya kompyuta. Ilipokuja ruksa ya biashara kila kitu kilipanda mlima huu. Zamani filamu tulikuwa tunaipata kwa kujuana, unamwamkia mtu wa duka mwezi mzima ndipo anainama chini ya kaunta. Baada ya ruksa vikaja makoti ya mitumba, viatu vya mitumba, baiskeli za mitumba, na miaka ilipozidi kwenda zikaja kompyuta za mitumba na kamera zisizotaka filamu. Na mimi nikanunua yangu Tanga, nyeupe pee, kwa bwana aliyekuwa anaiuza pamoja na majokofu na jeneza moja. Mfumo wake ulikuwa wa peke yake, si ule wa kompyuta za watu wengine, lakini nani alijali? Iliwaka, ilinitii, picha zangu zote nikazimwaga kwenye eksteno kupitia kwake. Eksteno nikaiweka kwenye debe langu la mkaa.

Kisha ikaja radi. Mmoja wenu anacheka, hajawahi kuona radi ya Magamba. Kompyuta ikatoa moshi kidogo, kwa heshima, ikafa. Namshukuru Mungu eksteno ilikuwa debeni. Nikanunua kompyuta nyingine, safari hii ya ule mfumo wa kila mtu. Nikajiambia, picha zipo, mashine ipo, shida iko wapi?

Shida ilikuja asubuhi ya Jumatano, imevaa kanzu na koti la mtumba. Mzee Mbaruku.

Mzee Mbaruku alikuwa mkulima wa vitunguu saumu, mkavu, mwenye sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Nyuma yake alikuja dada yake, Mama Rehema, anahema na uso umemvimba kwa kulia. Binti yake Rehema alikuwa anaolewa Ijumaa ile. Mbuzi wamefungwa, mchele umeshapembuliwa, wageni wameshatoka Korogwe. Na Mzee Mbaruku ndiye mjomba wa bibi harusi. Ninyi mnajua, au mmesahau? Mjomba asipokaa mkekani, harusi haina mguu mmoja. Baba wa bibi harusi mwenyewe alikuwa amesema waziwazi: shemeji asipokuja, haifungwi ndoa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Uliniruka."

"Nilikuruka wapi?"

"Harusi ya Zuhura," akasema. Zuhura ni dada mkubwa wa Rehema, aliolewa zamani, akaenda na mumewe Mwanza. "Wazee wote wamo kwenye albamu. Mimi simo. Sikai kwenye mkeka wa Rehema mpaka niione sura yangu."

Nikakasirika, nawaambia kweli. Mimi? Nimruke mzee? "Albamu waliichagua upande wa bwana harusi," nikamwambia. "Wao ndio walikuacha. Mimi nilikupiga, na picha ipo."

"Nioneshe."

"Kaka," Mama Rehema akaingilia, "miaka yote hii umenyamaza, leo mwanangu anaolewa ndiyo unakumbuka? Mkubwa jalala, samehe."

"Jalala nalo lina siku ya kujaa," akajibu, akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta yangu kama abiria anayesubiri gari lijaze.

Nikamwita Fundi Rajabu. Rajabu alikuwa kijana wa Tanga aliyefungua chumba cha kutengeneza kompyuta mtaa wa pili, fundi mzuri, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila tatizo kwake lilikuwa virusi. Panya akila waya, virusi. Umeme ukikatika, virusi. Akachomeka eksteno, kompyuta ikalia tiiin, na hayo hapo, majina ya picha za harusi ya Zuhura yakajipanga kwa mstari kwenye kioo. Mama Rehema akapiga kigelegele.

"Fungua," akasema Mzee.

Rajabu akafungua ya kwanza. Kompyuta ikaandika kwamba faili hili haliwezi kufunguka. Ya pili, haifunguki. Ya tatu, vilevile. Kigelegele kikamkwama Mama Rehema kooni.

"Virusi," akasema Rajabu.

"Shuka chini ujaribu nyingine," nikamwambia.

Akashika mausi, na Mzee Mbaruku akamshika mkono. "Picha za mwanzo ni za nani?"

"Za wazee," nikajibu, maana ndiyo kanuni yangu, na naijivunia.

"Basi haruki mtu. Nilirukwa mara moja, inatosha. Moja moja, kwa mpangilio. Haraka haraka haina baraka."

Sasa mngefanyaje ninyi? Mnaona kichekesho, lakini nani hapa angemwambia mjomba, mwenye harusi ya Ijumaa mkononi, kwamba tuwaruke wazee? Rajabu alikuwa mtu wa mjini, lakini mama yake alimlea. Akasema "Ndiyo, Mzee," akaendelea. Moja moja. Haifunguki. Haifunguki. Na kila moja Mzee Mbaruku anaisubiri, anatikisa kichwa, anasema, "Huyo atakuwa Mzee Singano, Mungu amrehemu. Endelea." Haifunguki. "Huyo bila shaka ni imamu. Endelea." Tulikuwa tunatembelea wazee wasioonekana, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja tunampa pole.

Ilifika adhuhuri. Tukanywa chai, tukala mihogo, tukaendelea. Rajabu macho mekundu. Akaanza kuninong'oneza pembeni.

"Mama, hii eksteno imeoza. Dawa yake ni kuifomati. Inafutwa yote, inakuwa safi kama imetoka dukani."

"Na picha?"

"Picha zinaondoka, lakini virusi navyo vinaondoka."

Enyi watoto, shikeni neno hili hata kama mengine yote mtayatupa. Mtu akikwambia ufomati kitu chenye picha zako, mnyang'anye waya. Nilimjua mwenzangu wa Korogwe aliyeulizwa na kompyuta kama anataka kufomati, akadhani anaulizwa kama anataka kuendelea, akabonyeza ndiyo. Miaka yote ya kazi yake ikaondoka anaitazama. Mimi nilimwambia Rajabu taratibu, kwa upole, kwa sababu Mzee anasikia: "Mwanangu, ukikigusa hicho kitufe, leo utashuka Mombo kwa miguu, na kona zote za mlima utazihesabu kwa makalio."

Akarudi kwenye kiti. Haifunguki. Haifunguki.

Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye mkeka studioni, analia kimya kimya na kukunja ncha ya kanga. Nilimwonea huruma. Mtu amelea binti, amepata mkwe mwenye akili timamu, jambo ambalo si la kila siku, na sasa kila kitu kimekwama kwenye kiboksi kisichozidi kipande cha sabuni. Na mimi jina langu limekwama pamoja naye. Kesho mji mzima utasema Mama Studio aliwaruka wazee. Nani angeniita tena kwenye harusi?

Kikaadhiniwa alasiri.

Mzee Mbaruku akasimama, akajinyoosha kiuno. "Nakwenda kuswali. Msiruke," akasema, akatunyooshea kidole sote watatu, akatoka.

Tukasikiliza viatu vyake vikivuka barabara. Tukatazamana. Mama Rehema ndiye aliyeanza. Mwanamke yule mpole, ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, alisimama, akaenda mlangoni, akachungulia, akafunga mlango kwa komeo.

"Ruka," akasema.

"Mama, nimruke nani?" Rajabu akauliza.

"Wote! Ruka wazee! Dhambi nitabeba mimi!"

Rajabu akasema bismillahi, akavuta mausi, majina yakaanza kukimbia kuelekea chini. Yakakimbia, yakakimbia, na mahali fulani katikati kioo kikabadilika. Badala ya majina yenye alama ya karatasi nyeupe, zikaja picha zenyewe, ndogo ndogo, zenye rangi. Nikaona kanzu. Nikaona kofia. Nikaona Mzee Singano, Mungu amrehemu, amekunja uso kama amedaiwa.

Basi jamani, mlio uliotoka mle studioni! Mtu wa duka la pili alidhani tumevamiwa.

Rajabu akazikagua, akajipiga paji la uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema virusi. Ile kompyuta yangu nyeupe, ya mfumo wa peke yake, ilikuwa na tabia ya kuiwekea kila picha faili lingine dogo la kivuli, lenye kumbukumbu zake yenyewe. Ilikuwa inavificha vivuli hivyo, kwa hiyo sikuwahi kuviona. Kompyuta mpya, ya mfumo mwingine, haikujua kama hivyo si picha, ikavianika vyote, na kwa jinsi inavyopanga majina ikaviweka mbele. Kila picha na pepo lake. Mapepo yote yamepanga foleni mbele, picha zote nzima zimekaa nyuma, na sisi kutwa nzima tulikuwa tunayaamkia mapepo.

Mtu yeyote asiye na adabu angeshuka chini na kuziona kabla chai haijachemka. Adabu zetu ndizo zilizotuchelewesha, na bado sijutii, ila siku hizi nikifungua eksteno ya mtu nashuka mpaka chini kabisa kwanza, ndipo naomba radhi.

Mlango ukagongwa. Mzee Mbaruku.

Mama Rehema akafungua komeo. Kaka yake akatutazama mmoja mmoja, akatazama kioo. Hakuwa mjinga.

"Mmeruka."

Rajabu akainama. Mama Rehema akajibu:

"Kaka, hatujaruka wazee. Tumeruka mapepo."

Akamweleza yote, nusu Kiswahili, nusu Kishambaa, na mikono yote miwili. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri kama mtu anayeamua kesi ya mpaka wa shamba.

"Mapepo," akasema, "yanaruhusiwa kurukwa."

Akakaa. Rajabu akaanza kufungua wazee, wa kwanza, wa pili, na safari hii wamo kweli, Mzee Mbaruku anawaitikia kwa majina. Kisha ikafunguka yake.

Nilikuwa nimeisahau picha ile. Nilipoiona nilikumbuka kwa nini hata upande wa bwana harusi hawakuitaka: ilipigwa mapema mno, kabla hajakaa sawa. Mzee Mbaruku yumo, kanzu nyeupe, mdomo wazi, yuko katikati ya kumfokea mtu. Mtu anayefokewa ni mkewe, Bi Halima. Ameingia kwenye picha kwa ubavu, anamnyoosha kola ya kanzu, na anacheka, meno yote nje, kwa sababu anafokewa na hajali.

Bi Halima alikuwa amefariki masika yaliyopita. Alikuwa mwanamke wa kukimbia kamera, nikija yeye anaingia jikoni. Harusi ile nilimpata kwa bahati tu, kwa sababu kola ilikuwa imepinda.

Mzee Mbaruku akasogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu, akaufuta kwa mkono wa koti, akaendelea kutazama. Hakuitazama sura yake hata kidogo.

"Kadi yake ya kura ninayo," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Picha imefutika. Imebaki kilemba tu. Nilikumbuka siku ile alinishika kola. Nikasema labda huyu mama alibonyeza. Sasa mtu mzima kama mimi nitakuja kuomba picha ya mke wangu? Nitasema nini? Nitasema nimemkumbuka?"

"Ungesema hivyo hivyo, kaka," akasema Mama Rehema, na sasa alikuwa analia kilio kingine kabisa.

"Ijumaa nitakuja," akamwambia. "Nitakaa mkekani mapema, kabla yenu. Mwambie Rehema asinililie." Kisha akanigeukia mimi. "Hongea, mama, asante sana. Nitolee hiyo, kubwa, niiweke ndani. Lakini mimi nikate. Nimekaa vibaya, mdomo umenipanuka, sina kazi humo. Mbakize yeye peke yake."

Nikaiangalia kama fundi anavyoangalia, nikatafuta pa kupitisha mkasi. Hapakuwa na pa kupita.

"Mzee," nikamwambia, "siwezi. Mkono wake uko kwenye kola yako. Nikikukata wewe, unaondoka nao."

Akautazama ule mkono kwa muda mrefu.

"Basi niache," akasema. "Niache hapo hapo."